Gari Lisilomrusha Abiria

Fundi hakupenda magari. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba nilimkabidhi gari langu kwa karibu miaka minne, na pamoja nalo mgongo wa mume wangu, hudhani alikuwa mmoja wa wale wanaume wanaopapasa boneti kama shingo ya ng'ombe. Hata. Alitembea kwa miguu kutoka kwake Gisozi mpaka popote alipotakiwa mjini, na ukimsimamishia gari umpe lifti alikushukuru kwa adabu, akaendelea na safari yake kando ya barabara. Gari kwake lilikuwa kitu kinachoumiza watu, na kazi yake ilikuwa kulipunguzia nafasi ya kufanya hivyo.

Jina lake nalijua, ila silitaji. Wateja wote tulimwita Fundi, na wengine waliotaka kumtofautisha na mafundi wa injini na wa rangi walimwita Fundi wa springi. Alizaliwa mlima gani, ukoo gani, sikumuuliza. Ilikuwa miaka ya vita, na kwenye kila kizuizi cha barabarani kulikuwa na mtu wa kuuliza maswali hayo. Mtu mwenye adabu hakuyarudia kwenye mazungumzo.

Mimi nilikuwa na duka dogo Kabeza, karibu na barabara ya uwanja wa ndege. Sukari, sabuni, mafuta ya taa, soda, na asubuhi maandazi. Nilizaliwa Buyenzi, kule Bujumbura, nikakua na Kiswahili mdomoni, kisha nikaolewa Kigali na dereva wa malori ya safari ndefu. Mwanzoni mwa mwaka wa tisini lori la mume wangu lilipinduka kwenye mteremko na kumvunja mgongo. Uhai ulibaki, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini hakuhisi kitu, na misuli ya tumbo nayo ikamwacha.

Mtu mzima akiwa ndani ya gari hajui kwamba anafanya kazi. Gari likikata kona, wewe unakaza tumbo, unakanyaga sakafu, unabaki wima, na wala hukumbuki. Mume wangu hakuwa na cha kukaza. Alikuwa anaanguka. Mara tatu kwa wiki nilimpeleka hospitali mjini kwa mazoezi na kusafishwa kidonda, na kila kona ilimtupa kwenye mlango, bega kwanza kisha kichwa, halafu kona iliyofuata ikamrudisha upande wa pili. Nilimwona kwenye kioo. Alifumba macho kabla ya kila kona, kwa sababu barabara ile alikuwa ameipita na lori miaka na aliijua kuliko mimi. Hakulalamika hata siku moja.

Kwa hiyo sikutafuta fundi ili gari likimbie. Nilitaka gari langu, hilohilo nililokuwa nalo, stesheni wagoni ya Kijapani iliyochoka, lipite kona bila kumtupa mume wangu. La kununua jingine sikuwa na uwezo nalo, na hili ndilo lililobeba sukari ya duka siku ambazo halikumbeba yeye.

Kabla ya Fundi walinisaidia marafiki wa mume wangu, madereva wenzake. Walikuja siku ya mapumziko, wamejaa upendo, wakalala chini ya gari kutwa nzima. Wao walijua malori. Lori likilala upande, unaongeza bapa la chuma kwenye springi za nyuma, basi. Wakaongeza bapa moja kila upande, bapa nene la pikapu, wakanawa mikono, wakala chakula changu. Na kweli gari liliacha kulala. Lakini sasa kila jiwe la Kabeza lilipanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo wa abiria, na baada ya wiki mbili kidonda cha mume wangu kilichokuwa kinafunga kilifunguka upya. Muuguzi akaniuliza kama ninambeba kwenye mkokoteni. Hao marafiki sikuwaambia kitu, maana walifanya kwa moyo safi, na mpaka leo wanaamini walitusaidia.

Ndipo mteja mmoja wa dukani akanielekeza Gisozi.

Uwanja wake ulikuwa chini ya mlima, upande wa bondeni, umezungushiwa mabati ya mapipa yaliyonyooshwa. Hapakuwa na kibao. Nilifika, nikashuka, nikaanza kueleza. Hakuniangalia mimi, aliangalia magurudumu ya nyuma.

"Hii gari inabeba nini?" aliuliza.

"Mume wangu. Siku nyingine bidhaa."

"Mume iko wapi?"

"Nyumbani."

"Sasa mama, mimi nitapima nini? Unaniretea gari tupu. Gari tupu haiko na ugonjwa. Rudi kesho, ulete na yeye, ulete na bidhaa, kila kitu iko mahali pake."

Kiswahili chake kilikuwa cha Kigali, r na l zikibadilishana viti, na kila kitu kikiwa "iko". Mwanzoni nilimcheka moyoni, mimi mtoto wa Buyenzi. Baadaye niligundua nimeanza kusema kama yeye.

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yake, na iliwakasirisha wengi: hakugusa gari mpaka limeletwa na mzigo wake wa kila siku. Mwalimu alitakiwa kuja na watoto wake wote watano. Muuza maziwa alitakiwa kuja na madebe yakiwa yamejaa, na Fundi alimrudisha aliyeleta madebe ya maji, akisema maziwa hayachezi sawa na maji. Kama hilo ni kweli sijui. Nimewauliza watu wa maziwa, wengine wanasema ni kweli, wengine wanacheka. Watu waliovaa tai waliona ni dharau kupangwa kwenye viti vya gari lao na mzee mwenye ovaroli ya viraka, wakiambiwa kaa kama unavyokaa. Baadhi waliondoka. Hakuwaita warudi.

Siku ya pili nikaja na mume wangu nyuma, mifuko miwili ya sukari, na kreti za soda juu ya kerea ya paa. Fundi alipima kwa fimbo yenye alama, kutoka ardhini mpaka ukingo wa bodi, kila pembe, akaandika kwa chaki kwenye bati. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliingia nyuma, akakaa kando ya mume wangu, akalegeza mwili wote, mikono mapajani, miguu imeachiwa.

"Twende mjini," alisema. "Endesha vile unaendesha."

Kwenye kona ya kwanza wote wawili waliangukia mlango mmoja. Kona ya pili Fundi aligonga kichwa kwenye kioo, na mume wangu akamwangukia juu. Nikasikia sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu lori lipinduke. Mume wangu alikuwa anacheka. Fundi hakucheka. Alikaa vilevile, amelegea, mpaka tumerudi Gisozi, kisha akashuka akishikilia shingo.

"Shoferi," alimwambia mume wangu, na tangu siku hiyo hakumwita jina jingine, "umevumilia vibaya."

Mimi nilidhani atanitajia springi mpya. Nilikuwa nimeshajiandaa kusema sina. Yeye aliomba spana, akapanda, akang'oa kerea na kuiegemeza kwenye uzio. "Anza na kitu haina bei," alisema. Kreti za soda juu ya paa ndizo zilizokuwa zinavuta gari upande. Akashusha kila kitu sakafuni, akasogeza mifuko ya sukari mbele ya ekseli ya nyuma, akanionyesha kwa chaki mahali pa kila kimoja. Kisha akatoa kipimo cha upepo ndani ya soksi, kilichofungwa kama dawa, akapima tairi zote nne. Hakuna zilizolingana. Alizilinganisha kwa pampu ya mguu, polepole. Halafu akalala chini, akatoa yale mabapa mawili ya upendo, akanikabidhi mkononi.

"Hii rudishia wenyewe." Sikuwarudishia.

Nilirudi Kabeza siku hiyo gari likiwa bora kuliko lilivyokuja, na sikuwa nimenunua hata skrubu. Nililia njiani. Mume wangu alidhani nimeumia.

Alikuwa na maneno yake, na aliyarudia bila haya mbele ya watu waliokwisha kuyasikia. "Springi inabeba, shokapu inatuliza. Ukipa mmoja kazi ya mwenzake, wote wanakufa." Na jingine: "Raha ya shimo inalipwa kwenye kona." Maana yake ni kwamba gari lililolainishwa sana ili lipite mashimo vizuri ndilo litakalolala kwenye kona, na ugumu wetu wote ulikuwa hapo. Kidonda cha mume wangu kilitaka gari laini. Kifua chake kilitaka gari gumu. Madereva wenzake walichagua moja. Fundi alikataa kuchagua.

Alikwenda hatua kwa hatua, kwa kadiri ya mfuko wangu. Mwezi mmoja alibadilisha bushi, zile raba zinazokaa kwenye maungio, kwa nyingine alizozichonga mwenyewe kutoka tairi la lori, kwa kisu na sabuni, akizijaribu kwa kuzing'ata. Naam, kwa meno. Mwezi mwingine alipata shokapu mbili zilizotumika. Alizipata baada ya kukataa nane; alikuwa akiibana shokapu kwa kifua chake na kusikiliza inavyorudi, na kama inarudi haraka aliitupa kwenye rundo. Vita vilikuwa vimefunga njia ya kaskazini, vipuri vilikuja kwa kuzunguka Tanzania au havikuja kabisa, na mafundi wengi walikuwa wanafunga chochote kilichoingia. Yeye alisubiri. Subira yake ilinichosha kuliko ubovu wa gari.

Kwa springi alikuwa mtu mgumu. Alikuja kijana mmoja nikiwepo, gari lake jipya jipya, anataka lishushwe chini lishike kona. Alikuwa ameona fundi mahali akizichoma springi kwa gesi mpaka zikalegea na gari likakaa chini, kazi ya nusu saa. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nani anakaa na wewe kwenye gari?"

"Mchumba wangu."

"Mrete."

Kijana hakumleta. Alikwenda kuzichoma kwingine. Miezi michache baadaye gari lilirudi likivutwa, springi ya mbele imekatika kama biskuti kwenye kona, na namshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Fundi alilitengeneza. Hakumwambia kijana "umeona sasa", neno ambalo sisi wengine wote tungemwambia, na mimi nilimlaumu kwa hilo, nikaona amepoteza nafasi ya kumfundisha. Alinijibu kwamba kijana anajua.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mwongo kwa wateja aliowachoka. Aliwaambia kipuri hakipo huku kimening'inia nyuma yake ukutani. Alikwenda misa kila Jumapili na Jumatatu akatukana nati iliyoshika kutu kwa matusi ambayo sitayaandika. Aliwadharau madereva, wote, na mume wangu alimsamehe kwa sababu tu hakuendesha tena. Mtu akimsifu aliondoka katikati ya sentensi. Na mimi aliwahi kunifokea mbele ya watu kwa sababu nilikuja na mfuko wa mchele upande ambao hakuuchora.

Aliyeweza kumtuliza alikuwa mke wake. Aliteremka kila adhuhuri kutoka nyumbani kwao juu mlimani na kikapu cha maharage na ndizi, na Fundi hakugusa chakula mpaka na yeye amekaa. Walikula kwenye sahani moja. Alikuwa mshonaji. Alinitazama siku ya kwanza nikimtegemeza mume wangu kwa mito ya kitandani, akatikisa kichwa, na wiki iliyofuata nikakuta ameshona mito miwili mirefu ya turubai, imejazwa sponji, iliyomkaa mume wangu mbavuni kana kwamba alimpima. Hakuwa amempima. Alikuwa amemwangalia tu. Nilipotaka kumlipa alinijibu kwa Kinyarwanda, na Fundi akatafsiri kutoka chini ya gari, "Anasema wewe ni mpumbavu." Mke wake akaupiga teke mguu wake uliokuwa nje. Hakuwa amesema hivyo.

Baada ya hayo yote gari lilikuwa zuri, lakini mume wangu bado aliinama kwenye kona kali. Fundi alisema kimebaki kitu kimoja, nondo ya stabilaiza, ile inayounganisha gurudumu la kulia na la kushoto. Ya kwetu ilikuwa nyembamba. Nene ingelizuia gari kulala bila kulifanya gumu kwenye mashimo. Nilimwambia sielewi nondo inawezaje kuchagua. Akauliza kama nimewahi kuona ingobyi.

Nani hajaona ingobyi? Ni machela ya kusukwa ambayo watu wa milimani humbebea mgonjwa, wanaume wanne, mabegani. Kila kilima kina chama chake cha wabebaji, na ukiitwa huwezi kusema umechoka. Fundi alinieleza kwamba kwenye njia ya ubavuni mwa mlima, aliye upande wa bondeni lazima ainue bega, na aliye upande wa mlima lazima ajikunje, ili mgonjwa abaki amelala sawa. Wote wanne wakiruka jiwe pamoja hakuna tatizo, wanapanda na kushuka pamoja. Tatizo ni upande mmoja ukishuka peke yake. Nondo ndiyo inayomwambia wa upande huu kwamba mwenzake anashuka.

"Mgonjwa hapaswi kujua kama kuna kona," alisema.

Mimi aliniambia hayo. Mengine Fundi alimwambia mume wangu, siku moja wakiwa wawili ndani ya gari, na mume wangu akanisimulia usiku. Ujanani Fundi alikuwa mbebaji upande wa bondeni, na mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye mzingo wa njia aliteleza. Mzee waliyembeba akabiringika mpaka kwenye mihogo. Hakufa, wala mfupa haukuvunjika. Aliishi miaka mingine mingi, na kila walipokutana njiani mzee yule aliwahi kumsalimu kabla Fundi hajafungua mdomo. Hilo ndilo lililokuwa likimuumiza, alimwambia mume wangu, kwamba alisalimiwa kwanza na mzee.

Nondo ilichukua mwaka mzima kupatikana. Aliipata Kinyinya, kwenye gari lililotelekezwa, la aina yetu lakini lenye injini kubwa. Kabla ya hapo alikuwa amejaribu nyingine ya pikapu, nene mno, akaifunga na kujisifu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Siku ya mvua nikashuka Kimihurura, nikakata usukani, na gari likakataa kukunja. Lilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mfereji, taratibu, namshukuru Mungu, na mume wangu akabaki ameegemea mito, mzima. Nilimpelekea habari Fundi kwa hasira yangu yote. Alisikiliza amesimama. Kisha akanichukulia funguo mkononi, akaingia chini ya gari kwenye tope, na sauti ikatoka huko chini: "Nimekosea mimi." Nimeishi na wanaume, nimewauzia wanaume dukani, na maneno hayo mawili nimeyasikia kwa nadra sana.

Ile ya Kinyinya ilikubali. Siku alipoifunga aliingia tena nyuma, akalegeza mwili kando ya mume wangu, na mimi nikaendesha. Kwenye kona kubwa nikaangalia kioo. Mume wangu alikuwa ameanza kufumba macho, kisha akayafungua. Mabega yake yalisogea kidogo kwenye mito, yakarudi. Alitazama nje, dirishani. Sijui niseme nini kuhusu kitu hicho, mwanaume anatazama nje ya dirisha la gari. Nilikuwa nimesubiri karibu miaka miwili kukiona. Tangu hapo kidonda kilifunga, na muuguzi akaacha kuniuliza maswali.

Kisha ikaja Aprili ya tisini na nne.

Sitasimulia jenoside hapa. Wapo wenye haki ya kuisimulia kuliko mimi. Vitambulisho viliandikwa kabila, na vyetu, mimi na mume wangu, vilitupitisha vizuizini. Vya Fundi na mke wake visingewapitisha popote, walikuwa Watutsi. Mtu asiyeweza kutembea hakimbii, kwa hiyo tulibaki ndani Kabeza. Siku ya kwanza mume wangu aliniamuru niondoe magurudumu ya gari, niyafiche darini na kulifunika gari kwa kuni, lisije likachukuliwa na wauaji wakalitumia kwa kazi yao. Nilifanya hivyo kwa mikono yangu. Sikwenda Gisozi. Nisingefika, na gari halikuwa na miguu. Hiyo ndiyo sababu ninayojipa miaka yote hii, ni sababu ya kweli, na bado hainitoshi.

Vita vilipoisha nilirudisha magurudumu. Hospitali ilianza kupokea watu. Mji ulijaa wageni waliorudi kwao, kutoka Uganda, Burundi, Tanzania, na Kiswahili cha kila namna kikasikika dukani kwangu. Kila aliyepita kutoka upande wa Gisozi nilimuuliza habari za fundi wa springi. Hakuna aliyejua. Nilikwenda mara moja mpaka bondeni. Uzio wa mapipa haukuwepo, nikageuza gari.

Alikuja mwenyewe, mwezi wa Novemba, asubuhi, kwa miguu. Nilikuwa napanga maandazi. Alisimama mlangoni mwa duka, amekonda mpaka ovaroli inamzunguka, na alipozungumza nilijua sauti kabla sijaujua uso.

"Mama. Gari iko?"

Nilitaka kumshika. Nilimwonyesha nyuma ya nyumba. Alilala chini bila kutandika kitu, nikamsikia akipapasa nati moja baada ya nyingine. Alipotoka alikwenda dirishani kwa mume wangu, wakashikana mikono kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia.

"Niko na mtu wa kubeba," alisema. "Mke wangu. Iko Kinyinya. Nataka kumrudisha Gisozi."

Nilifurahi. Mungu anisamehe, kwa muda wa pumzi moja nilifurahi, nikadhani mzima. Nikauliza kama ni mgonjwa. Akanieleza, akiangalia gurudumu. Mwezi wa nne walikimbia pamoja usiku wa pili, wakapotezana. Mwanamke mmoja wa Kinyinya alimkuta mke wake kando ya njia, akamfunika udongo kwenye migomba yake, na akaweka alama. Sasa amemwonyesha mahali. Fundi amechimba kaburi nyumbani kwao, juu. Kilichobaki ni njia.

"Watu wamenipatia pikapu," alisema. "Nimekataa. Pikapu inarusha."

Aliyejibu ni mume wangu, kutoka dirishani. Siku ile ilikuwa ya hospitali. "Nenda naye," aliniambia. "Mimi nitakwenda kesho. Toa mito yangu umwekee yeye." Mito ilikuwa tayari ndani ya gari, haikuhitaji kutolewa.

Tulifika Kinyinya kabla ya saa sita. Yule mwanamke na majirani wawili walikuwa wameshamtoa, wamemvingirisha katika mashuka mapya meupe na mkeka juu yake. Alikuwa mdogo mno. Fundi aliingia nyuma kwanza, akakaa pembeni, kisha wakamlaza kwenye kiti, kichwa kwenye mapaja yake, mito ya turubai ikimzuia mbele. Akamwekea mkono mmoja begani na mwingine kiunoni. Nikamuuliza kama yuko tayari, akaitikia kwa kichwa.

Njia ya kutoka Kinyinya kwenda Gisozi ni ya udongo, inazunguka ubavu wa mlima, na mvua za msimu zilikuwa zimeilima. Kwenye safari za majaribio Fundi alizoea kutaja kila kitu anachokisikia: bushi ya kushoto, nati, upepo. Siku ile hakutaja kitu. Niliendesha kama nilivyofundishwa na miaka ile yote, natia gia kabla ya kona, nakata usukani kidogokidogo, naliacha gari liegemee lenyewe. Kila kona niliangalia kioo. Alikuwa ameinama, amefumba macho, mikono haijasogea.

Walikuwepo watu wachache juu, nyumbani kwao, walionusurika na waliorudi. Walimpokea, wakaomba, wakamzika. Mimi ni Mwislamu, nilisimama kando, nikamwombea kwa maneno yangu. Niliporudi kwenye gari Fundi alinifuata. Udongo ulikuwa bado mikononi mwake. Alishika ukingo wa dirisha langu. Nikatafuta la kumwambia, na ihangane, yaani vumilia, ndilo neno pekee lililokuja, nami sikulisema.

"Mama," alisema, "ile kona ya juu, iko na mawe. Alisogea?"

Nilimtazama. Alikuwa mtu asiyeamini kona ya gari lolote mpaka ameisikia kwa mwili wake mwenyewe.

"Ulikuwa naye, Fundi."

"Sikuweza kujua," alisema. "Nilikuwa nimemshika."

Nikamwambia kwamba nilikuwa nawatazama kwenye kioo, kona zote, na ile yenye mawe pia. Nikamwambia hakusogea hata kidogo. Na ni kweli, hakusogea.